Kidonge cha Jumatano

Hakuna mtu pale kijijini Runcu aliyewahi kumpenyezea Anghelina maziwa, na waliojaribu ni wengi. Mwenye duka atamwapia kwamba biskuti hizi ni za mfungo, hazina yai, hazina siagi, tazama mwenyewe, mbele pameandikwa "za mfungo" kwa herufi kubwa za kijani. Anghelina huipokea pakiti, huigeuza, huvaa miwani, kisha husoma nyuma mstari kwa mstari huku foleni inakohoa. Akifika pale anapopataka huweka ukucha.

"Unga wa maziwa," husema. "Mfungo wa nani huu? Wa paka?"

Pakiti hurudi rafuni, naye hutoka na mkate wake na maharage yake, kichwa juu, bila haraka.

Kiburi hicho alikipata kazini. Miaka ishirini na sita alisimama kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, pale njia panda, aproni nyeupe kiunoni, akipima ndoo za kijiji kizima alfajiri na jioni. Wanawake wa Runcu ni watu wazuri, lakini mwonyeshe mwanamke ndoo isiyojaa na kisima kilicho karibu, uone. Anghelina alikuwa akitumbukiza kipimo, ananusa, anaonja tone, halafu anamtazama mwenye ndoo usoni. Wifi yake Varvara, dada wa mumewe, alinaswa mara tatu. "Wifi," aliambiwa mbele za watu, "haya umeyakamua au umeyachota?" Varvara hakulisahau neno hilo mpaka leo, ila hakuacha kuja kunywa kahawa kwa Anghelina kila asubuhi saa mbili, maana wifi ni wifi na kahawa ni kahawa.

Enzi hizo kiwanda kilimpeleka mjini Suceava kwenye mafunzo ya wiki tatu. Huko alifundishwa kwamba ndani ya maziwa mna sukari yake yenyewe, si ya kuongezwa, na jina lake ni laktosi. Alirudi na cheti na neno hilo. Cheti alikitundika ukutani. Neno alilitumia kila alipopata upenyo, hata matangani.

Mumewe Toader alikuwa fundi wa kuezeka mapaa ya vibao, pande la mtu, mabega kama mlango, maneno machache. Nyumba mbili katika kila tatu pale kijijini zimelala chini ya mkono wake. Walipata mtoto mmoja, Catinca, ambaye alikua, akaolewa, akaenda Italia kulea bibi kizee wa watu kwa mshahara, kama nusu ya mabinti wa Runcu. Ndivyo dunia ilivyo siku hizi: wazee wa kule wanaoshwa na watoto wetu, na wazee wa hapa wanaoshana wenyewe.

Kuna jambo moja lililomwingia Toader akiwa kijana likakataa kumtoka. Baba yake alimalizia siku zake katika nyumba ya wazee ya huko bondeni. Toader alikwenda kumwona Jumapili moja bila taarifa, akamkuta amefungwa mkono kwenye chuma cha kitanda kwa kipande cha shuka, eti asianguke. Alirudi nyumbani. Siku ya tatu akamwambia mkewe, "Mimi usinipeleke kule. Hata nikiwa gogo. Umesikia?" Anghelina akasema amesikia.

Basi akawa gogo. Kiharusi kilimpiga Jumamosi moja ya Kwaresima Kuu, yuko uani ananoa shoka. Upande wa kulia ulikufa wote, na ulimi nao ukaenda. Hospitalini walimwambia Anghelina waziwazi: mama, mtu wa kimo hiki anataka mikono minne, wewe una miwili, tena ya miaka sitini na saba, mpeleke nyumba ya wazee. Toader alikuwa pale kitandani, anasikia. Hakuweza kusema kitu, ila machozi yalimtoka upande mmoja tu wa uso.

Jioni hiyo Anghelina alikwenda kanisani, akasimama mbele ya picha ya Mama wa Mungu, akaweka nadhiri. Alisema atafunga, bila nyama, yai wala maziwa, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na mifungo yote minne mikubwa ya mwaka, bila ruhusa ya aina yoyote: si ya samaki siku za sikukuu, si ya ugonjwa, si ya uzee. Hakuomba Toader atembee. Hakuomba aseme. Aliomba aachiwe amtunze nyumbani kwake, afe kwenye kitanda chake mwenyewe, mikononi mwake. Mimi nitashika la kwangu, alisema, na Wewe ushike la kwako. Ndivyo tulivyo sisi watu wa sokoni. Hata kwa Mungu tunakwenda na kikapu.

Na Mungu alilishika la kwake. Miaka mitatu na nusu Toader alikaa kwenye chumba cha mbele, karibu na jiko la kuni, ngozi safi, bila kidonda. Anghelina alimgeuza, alimnyanyua, alimlisha ugali wa mahindi ya njano na jibini ambalo yeye mwenyewe siku za mfungo halili, alimbadilisha pampasi, alimnyoa kila Jumamosi. Watu walikuja kutazama kama wanaotazama maonyesho. "Huyu mwanamke ni chuma," walisema. Alilipenda neno hilo. Nani asingelipenda?

Ikaja Septemba moja, akakanyaga tufaha lililooza uani, akaangukia mkono. Anguko lenyewe dogo, la kucheka. Kifundo cha mkono kikavunjika pawili. Kumbe mkono wa mtu haupaswi kuvunjika hivyo kwa tufaha, ndivyo alivyosema daktari wa kijiji, daktari Oltea, akampeleka Suceava kupimwa mifupa. Majibu yaliporudi alimwita ofisini, na nje foleni ilikuwa imefika ngazini.

"Mama Anghelina, mifupa yako imekuwa kama mkate ulioumuka kupita kiasi. Nje mzima, ndani matundu matupu."

"Mbona siumwi?"

"Ndiyo ubaya wake. Ugonjwa huu hauumi. Siku utakapouma, utakuwa umeshavunja."

"Daktari, mimi nimeshinda kwenye maziwa maisha yangu yote."

"Na nusu ya maisha hayo umefunga," daktari akacheka kidogo, akaandika. "Sikiliza. Kidonge kimoja kwa wiki. Unaamka, tumbo tupu, glasi nzima ya maji. Maji tu. Si kahawa. Halafu nusu saa unakaa wima. Hulali, huinami, hunyanyui kitu, maana kikirudi kooni kitakuunguza. Tuseme Jumatano, siku ya gulio, hutaisahau."

"Siinami hata kidogo?"

"Nusu saa, mama. Nusu saa itakushinda?"

Hapo mlangoni mtu alikuwa tayari ameingiza kichwa. Anghelina akasema haitamshinda. Hakusema kwamba Jumatano ni siku yake ya kufunga, kwa sababu dawa ni dawa, haikumpitia akilini. Wala daktari hakuuliza ni nani anayemnyanyua Toader asubuhi.

Mkono uliunga. Wakati huo jirani wawili walimsaidia na Varvara akasaidia kwa kuwasimamia. Kidonge akakianza mwisho wa Septemba, kila Jumatano, kama alivyoambiwa.

Jamani, nusu saa ni ndogo kwa mtu asiye na mgonjwa. Toader alikuwa akiamka saa kumi na mbili, amelowa, na ngozi yake ilitaka kukaushwa papo hapo. Anghelina alijaribu kumtangulia, lakini mbao za sakafu zililia zikamwamsha. Akawa anakaa kwenye kiti, mgongo umenyooka kama bibi harusi anayepigwa picha, anatazama saa ya ukutani, na kutoka kitandani inakuja ile sauti isiyo na maneno. "Nakuja, baba Catinca. Ngoja kidogo." Atangoja vipi mtu asiyejua anangoja nini? Alidhani amekataliwa. Siku moja alilia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye ndiye aliyekatazwa kuinama. Jumatano ya tatu Anghelina alishindwa, akainuka kabla ya muda, akamwinamia. Kidonge kikapanda kifuani kama makaa, na moto huo ukakaa naye siku mbili. Kuanzia hapo kila Jumanne jioni ilimtia unyonge. Hakumwambia mtu. Angemwambia nini, kwamba kidonge kimoja kwa wiki kinamtisha, yeye chuma?

Mwishoni mwa Novemba, mfungo wa Krismasi umeshaanza, Varvara alikuja kwenye kahawa yake, akaiona pakiti mezani.

"Hizi ndizo zile za taya," alisema.

"Za taya vipi?"

"Zinaozesha taya. Binti wa Zamfira alisoma kwenye simu. Ukienda kung'oa jino, linatoka na taya lake."

"Acha uzushi, wifi."

"Basi nisomee hiyo karatasi ya ndani. Wewe si msomaji?"

Anghelina akavaa miwani akaikunjua. Ilikuwa ndefu kama kitambaa cha meza. Na kweli taya lilikuwemo. "Imeandikwa mara chache sana," alisema.

"Na wewe una bahati gani ya kuwa upande wa wengi? Uliolewa na kaka yangu."

Anghelina alicheka, lakini macho hayakutoka kwenye karatasi. Desturi ya miaka mingi ilimsukuma aendelee kushuka, akapita onyo hili na lile, mpaka mwisho kabisa, wanapoandika kidonge kimetengenezwa kwa vitu gani. Ukucha ukasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kuna nini?" Varvara aliuliza.

"Laktosi."

"Sema kwa lugha ya watu."

"Maziwa. Humu mna maziwa, wifi. Jumatano tisa nimekula maziwa, na Jumatano hii ni ya mfungo mkubwa juu ya mfungo."

Varvara alikichukua kidonge akakiweka kwenye kiganja chake. "Hiki? Hata panya hatakiita maziwa."

"Nadhiri haipimwi kwa kijiko."

"Basi ruka Jumatano, kunywa Alhamisi."

"Mpaka Krismasi hakuna Alhamisi. Siku zote ni za mfungo."

Lililomtisha halikuwa karatasi peke yake. Tangu Jumapili Toader alikuwa na homa, kifua kinakoroma, na Anghelina hakukumbuka ni lini mumewe aliumwa hivyo mara ya mwisho. Akaunganisha hili na lile. Mimi nimevunja la kwangu, aliwaza, na Yeye ameanza kulegeza la kwake. Pakiti akaitia kwenye droo ya kabati, chini ya mito ya wageni. Siku nne baadaye homa ilishuka, na nani tena angemshawishi akirudie kidonge?

Lakini tuseme kweli yote, maana nusu yake haina faida. Jumatano iliyofuata Anghelina aliamka, akamwendea mumewe moja kwa moja, akamkausha, akanywa kahawa yake ikiwa moto, na kifua hakikumuunguza. Akahisi furaha. Alijua kwamba ni furaha, akaipa jina la utii. Hapo ndipo wagonjwa wengi walipoachia dawa hii, ukiwauliza vizuri: hawakuamua kuacha, ila asubuhi moja bila kidonge ilikuwa tamu, na mfupa haukulalamika.

Baada ya Krismasi alijiambia ataanza kunywa Alhamisi. Alhamisi ya kwanza Toader alikuwa amelowa mpaka godoro. Ya pili alisahau. Ya tatu hakusahau.

Mwezi huo huo padri alipita na maji ya baraka, nyumba kwa nyumba, kama kila Januari baada ya sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Alimnyunyizia Toader, akaketi kidogo. Anghelina akamuuliza kama mtu anayeulizia jirani.

"Padri, mtu akipewa dawa, na ndani ya dawa mna maziwa, na ni mfungo?"

"Mgonjwa hana mfungo, mama. Na dawa si chakula."

"Na kama aliweka nadhiri ya kukataa ruhusa yoyote?"

Padri akamtazama. Si mjinga yule, ana macho. "Nadhiri ya namna hiyo haifai," alisema polepole. "Mungu hataki mtu ajifungie mlango halafu atupe ufunguo. Mwambie huyo mtu aje Jumamosi kabla ya sala ya jioni, nitamwondolea. Ni jambo la dakika tano."

Jumamosi ilifika, Anghelina alivaa nguo ya kanisani, akajifunga kitambaa kichwani, akafika hadi kwenye lango la uzio wa nyumba yake. Akasimama pale. Akili yake ilikuwa imemwambia neno moja tangu asubuhi: nadhiri ikiondolewa kwake, imeondolewa na kule juu pia. Asipodaiwa yeye, Mungu naye hadaiwi. Akamwona Toader amefungwa mkono kwa kipande cha shuka, waziwazi kama anavyokuona wewe. Akarudi ndani, akavua kitambaa, akaanza kumenya viazi. Ningependa kumwita mpumbavu, lakini siwezi. Alikuwa anaogopa, na mwenye hofu hushika alichonacho mkononi, hata kama ni moto.

Uongo ukafuata, uongo mdogo mdogo usio na jasho. Kila mwezi alikwenda kuchukua dawa, kwa kuwa asipochukua daktari angejua.

"Unakunywa, mama Anghelina?"

"Nakunywa, daktari."

"Hazikuudhi?"

"Hata."

"Laiti wote wangekuwa kama wewe," alisema daktari Oltea, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Catinca naye alipiga simu kila Jumapili. Alipomaliza kuuliza hali ya baba yake, aliuliza, "Na kidonge, mama?" Na mama yake alijibu, "Mwanangu, mimi ni mtoto wa kukumbushwa?" Ukiyapima maneno hayo si uongo, ni swali tu. Alikuwa stadi wa kupima, huyu mama.

Mwaka ukapita. Sketi zake zilianza kuburuza, akazipandisha pindo, akasema vitambaa vya siku hizi vinalegea. Rafu ya juu ikawa mbali, akashusha sufuria. Siku moja kikohozi kikamwachia maumivu katikati ya mgongo, yakakaa wiki tatu, akasema ni upepo wa mlangoni. Varvara alimtazama siku moja wakiwa wamesimama pamoja dirishani.

"Wifi, ulikuwa unanizidi kichwa kizima."

"Wewe umerefuka kwa umbea."

"Sitanii. Unapungua. Hebu rudia zile dawa."

"Wewe si ndiye uliyesema zinaozesha taya?"

"Mimi nasema mengi," Varvara alijibu. "Lini umeanza kunisikiliza?"

Ilikuwa wiki ya pili ya Kwaresima Kuu, mwaka huu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Alhamisi. Anghelina alimgeuza Toader ubavu, akavuta shuka chafu, akapitisha mikono chini ya mabega yake kumpandisha kichwa kwenye mto, kazi aliyoifanya mara nyingi kuliko alivyosali. Alisikia mlio ndani yake kabla ya kusikia maumivu. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, kama wa kijiti. Kisha miguu ikamkataa, akaanguka kifudifudi juu ya mumewe na kuteleza mpaka sakafuni. Hakuweza kuinuka wala kupumua mpaka mwisho. Juu yake Toader alianza kuita kwa ile sauti yake, akaita, akaita, na dirisha limefungwa kwa baridi.

Varvara aliwakuta saa mbili. Alikuwa amekuja na sukari yake ya kahawa mfukoni.

Pingili mbili za mgongo zilikuwa zimebonyea, na ya tatu, daktari wa Suceava alionyesha kwenye picha, ilibonyea zamani, pengine mwaka jana. Lile la kikohozi. Walimvalisha mkanda mgumu kutoka kwapani hadi nyonga, wakamwambia asinyanyue kitu kizito kuliko birika, si mwezi huu, si mwakani. Anghelina alisikiliza yote kisha akauliza swali moja.

"Nani yuko na mume wangu?"

Alikuwa Varvara, mwenye miaka sabini na minne na magoti mabovu, na jirani mmoja aliyekuja asubuhi na jioni. Siku ya nne Catinca alifika kwa basi kutoka Italia, macho yamevimba kwa safari. Alikwenda kwanza nyumbani. Akitafuta nguo za kulalia za mama yake kwenye kabati, alifungua droo, akainua mito ya wageni.

Akaenda hospitalini na alichokikuta. Alizimwaga pakiti kitandani, juu ya blanketi, zote isipokuwa moja hazijafunguliwa, zina gundi yake ya dukani. Daktari Oltea alikuwepo. Alikuwa amekuja kumwona mgonjwa wake kwa hiari yake. Akaziangalia, akakaa kwenye kiti.

"Kwa nini, mama?" Catinca aliuliza.

Anghelina alieleza. Alianza na laktosi, akaenda kwenye nadhiri, kwenye homa, kwenye Jumamosi ya langoni, akarudi kwenye ile nusu saa na jinsi Toader alivyokuwa akilia. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama aliyejiandaa miezi mingi.

"Kuna sindano," daktari alisema alipomaliza. Sauti yake ilikuwa chini. "Haina maziwa. Haitaki nusu saa wala kukaa wima. Ungeniambia siku moja tu kwamba kidonge kinakushinda, ningekubadilishia siku hiyo hiyo. Na mimi nilikuuliza, lakini nilikuuliza nimeshika faili la mgonjwa mwingine. Hilo ni langu."

"Mama," Catinca alisema, "yule bibi wangu wa kule anakunywa kidonge hiki hiki. Kila Jumapili namwamsha mimi, nampa maji mimi, nakaa naye nusu saa nikimsimulia hadithi asilale. Nikitoka hapo ndipo nakupigia wewe." Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, ila huyu kifo kilimwacha hai ili aone.

Catinca alikuwa na wiki mbili za ruhusa, na mtoto shuleni kule. Walitafuta mtu wa kulala nyumbani. Waliokuwa na nguvu walikuwa Italia. Varvara alisema atajaribu, akajaribu usiku mmoja, asubuhi akakutwa ameketi sakafuni analia kwa hasira. Nafasi ilipatikana katika nyumba ya wazee. Si ile ya bondeni, ile ilifungwa zamani. Mpya, safi, yenye maua mlangoni. Catinca alikwenda kuikagua mara mbili, akaangalia vitanda, akaangalia mikono ya wazee. Haikuwa na ubaya. Lakini nani angeweza kumweleza Toader hivyo?

Siku ya kumchukua Toader, Anghelina alikataa kubaki hospitalini. Walimleta nyumbani na mkanda wake, akaingia chumba cha mbele akitembea kidogo kidogo, akashika chuma cha kitanda. Wanaume wawili wa gari la nyumba ya wazee walisimama mlangoni na machela, kofia mkononi. Mumewe alikuwa amenyolewa. Alimwona, uso wake ukafunguka upande ule mmoja. Siku kumi na moja hakuwa amemwona.

"Baba Catinca," alisema, "nisikilize. Utakwenda kule. Catinca amepaangalia, ni pazuri, lakini ni kule." Toader aliacha kutabasamu. "Watakwambia ni uzee. Watakwambia Mungu amependa. Si kweli. Dawa ilikuwepo, ilikuwa kwenye droo hii hapa, na sikunywa. Nilidhani nakulinda. Nilikosea, na wewe ndiye unayelipa."

Haijulikani alielewa kiasi gani. Alimtazama muda mrefu. Kisha akauinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akamzungushia mkewe shingoni, akaukaza, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka mitano kasoro, akangoja anyanyuliwe.

Anghelina alisimama hivyo hivyo, ameinama kadiri mkanda ulivyomruhusu. Mmoja wa wanaume alisema kwa adabu, "Mama, tupishe kidogo." Hakuweza kupisha, kwa kuwa mkono haukumwachia. Ikabidi Catinca aje aufungue yeye, kidole kimoja kimoja, na baba yake hakuelewa kwa nini.